Bukini Waliochorwa Juu ya Watoto

Mtaa ni mpana, nao umefunikwa na theluji iliyokanyagwa na viatu na kwato. Pande zote mbili zimejipanga nyumba za wakulima, paa zao zimeelemewa, na kwenye kingo za paa hizo barafu imening'inia mithili ya meno. Bwawa limeganda. Miti imebaki matawi matupu. Upande wa nyuma kimesimama kikosi cha wapanda farasi waliovaa deraya, mikuki yao wima, wala hakuna kati yao anayefanya lolote. Kazi inafanywa mbele yao na wengine, askari wa makoti mekundu na wenzao wenye mavazi ya milia, wanaovunja milango, wanaoparamia madirisha na kuwaburuta watu nje. Mmoja ameupa mgongo mtaa mzima anakojoa ukutani.

Hiyo ni picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Pieter Bruegel Mzee kati ya mwaka 1565 na 1567. Ina upana wa sentimita 158 hivi na kimo cha sentimita 109, imechorwa juu ya mbao za mwaloni zilizounganishwa, na kwa sasa ni mali ya Mkusanyo wa Kifalme wa Uingereza. Kwa mtazamo wa haraka inasimulia jambo ambalo Ulaya ya karne ya 16 ililizoea mno: jeshi limeingia kijijini kupora. Askari mmoja ameshika bukini. Kwenye theluji yamepangwa mapaja ya nguruwe na magurudumu ya jibini. Katikati ya mtaa kundi la askari linachoma mifugo kwa mikuki.

Lakini ukikaa nayo kidogo, picha haikubali maelezo hayo. Mwanamke ameketi chini kwenye theluji, amejiinamia, analia kilio cha msiba, na kilichoko mapajani mwake ni bunda la nguo. Mume na mke wanamsihi askari na kumsogezea binti yao mdogo, kana kwamba wako tayari kumtoa mtoto ili warudishiwe bukini. Wanaume wazima wamemzunguka mpiga mbiu aliye juu ya farasi, wamevua kofia, wanasihi kwa namna ambayo mtu hamsihi mwenzake kwa ajili ya jibini. Kwa nini kijiji kizima kiomboleze kuku na mabunda?

Kwa sababu hawakuwa kuku wala mabunda. Bruegel alikuwa amechora mauaji ya watoto wa Bethlehemu, yale ya sura ya pili ya Injili ya Mathayo, pale Herode aliposikia kwamba amezaliwa mfalme akaamuru wauawe watoto wote wa kiume wenye umri wa miaka miwili kurudi chini. Msomaji aliyelelewa kwenye Kurani atamkumbuka Firauni na watoto wa Bani Israili. Hofu ya mtawala ni ileile na waliolipia ni walewale. Kwenye mapaja ya yule mama alilala mtoto mchanga aliyekufa. Bukini alikuwa mtoto mchanga aliye hai bado. Mapaja ya nguruwe na jibini yalikuwa maiti za watoto zilizolazwa kwenye theluji. Mtu mwingine, miaka mingi baada ya Bruegel kuzikwa, alitumwa kuja na brashi na kuwafunika mmoja baada ya mwingine.

Kisa cha picha hii ni kisa cha namna mtaa mmoja wa kijiji ulivyolazimishwa kusema uongo, na jinsi mlazimishaji alivyoshindwa kuimaliza kazi yake.

Bruegel alizaliwa kati ya mwaka 1525 na 1530. Mwaka 1551 aliandikishwa kuwa fundi kamili kwenye chama cha wachoraji cha Antwerp, bandari iliyokuwa tajiri kuliko karibu zote za kaskazini mwa Ulaya, kisha akasafiri hadi Italia na kurudi. Kwa miaka kadhaa alichora michoro ya kuchapishwa kwa ajili ya Hieronymus Cock, mfanyabiashara wa picha za karatasi mjini Antwerp. Mwaka 1563 alimwoa Mayken, binti wa mchoraji Pieter Coecke, akahamia Brussels, na huko ndiko alikochora sehemu kubwa ya picha zinazofanya jina lake litajwe hadi leo. Hakupata miaka mingi. Alifariki mwaka 1569.

Karel van Mander, aliyechapisha kitabu cha maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasimulia kwamba Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara, Hans Franckert, walikuwa wakivaa nguo za wakulima na kwenda kwenye harusi za vijijini na zawadi mkononi, wakijifanya ndugu wa bwana au bibi harusi, ili mchoraji apate kutazama watu wanavyokula, wanavyocheza na wanavyolewa. Huenda van Mander ametia chumvi. Aliandika miaka 35 baada ya msiba. Hata hivyo kwenye picha zenyewe unaona kwamba huyu mtu alitazama. Anajua mkulima anavyobeba mzigo akitembea kwenye barafu, anajua mbwa wa kijijini anavyosimama.

Na baridi aliijua. Majira ya baridi ya 1564 kuingia 1565 yalikuwa makali kupita yote ambayo watu wa wakati ule waliweza kuyakumbuka. Mito iliganda, ndege walikufa. Mwaka huohuo wa 1565 Bruegel alichora wawindaji wakishuka kilima cha theluji, picha iliyoko Vienna, mojawapo ya mfululizo wa majira ya mwaka alioufanya kwa ajili ya Niclaes Jonghelinck, tajiri wa Antwerp. Mwaka 1566 akachora Yusufu na Mariamu wakiwasili kuandikishwa Bethlehemu, nayo Bethlehemu yake ni kijiji cha Brabant chenye theluji, watu wamejaa mlango wa nyumba ya wageni kulipa kodi, watoto wanateleza kwenye barafu, na Mariamu anapita juu ya punda bila hata mtu mmoja kugeuza shingo. Picha ya mauaji ni ndugu wa hiyo. Theluji ni ileile, nyumba zinafanana, hata nyumba ya wageni ipo, na juu ya mlango wake kuna kibao chenye nyota na maandishi ya Kiholanzi yanayotangaza kwamba hapa ni kwenye Nyota. Yule aliyebebwa tumboni kwenye picha ya kwanza amekwisha zaliwa na kukimbizwa. Waliobaki kijijini ndio wanaolipa.

Kuivalisha Biblia nguo za nyumbani halikuwa jambo geni. Wachoraji wa Flanders walikuwa wakimweka Mariamu kwenye sebule za Bruges kwa zaidi ya karne moja. Kigeni kilikuwa kuwavalisha wauaji nguo za serikali iliyoko madarakani.

Nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg. Mwaka 1555, mjini Brussels, Kaizari Charles wa Tano alijiuzulu utawala wa nchi hizo na kumkabidhi mwanawe Philip wa Pili, mfalme wa Hispania. Philip aliondoka mwaka 1559 akarudi Hispania, asikanyage tena huko hadi kufa kwake, akaacha maagizo makali dhidi ya Waprotestanti. Watu walichomwa moto, walizamishwa majini. Kodi zilikuwa nzito. Kiangazi cha 1566 wahubiri wa Kiprotestanti walikusanya maelfu ya watu mashambani nje ya kuta za miji, na Agosti ya mwaka huo makundi yaliingia makanisani, kuanzia Flanders magharibi hadi Antwerp na kwingineko, yakavunja sanamu na kupasua picha. Jibu la Philip lilikuwa Alba, jemadari mzee mwenye ndevu ndefu, aliyeingia Brussels Agosti 1567 na jeshi la watu 10,000 hivi. Alianzisha baraza maalumu la kuhukumu waasi, ambalo wananchi walilibandika jina la Baraza la Damu. Baraza hilo liliwaua zaidi ya watu 1,000. Juni 1568 vichwa vya mabwana wawili wakubwa wa nchi, Egmont na Hoorn, vilikatwa hadharani kwenye uwanja mkuu wa Brussels, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kanisa ambamo Bruegel alifunga ndoa.

Kuna waandishi waliomtambua Alba kwenye picha, katika yule kamanda anayeongoza wapanda farasi. Mimi sifiki huko. Picha inaweza kuwa ilichorwa kabla Alba hajafika, na Bruegel hakuwa mtu wa vipeperushi. Miongoni mwa waliomiliki kazi zake alikuwepo Kardinali Granvelle, mshauri mkuu wa Philip mwenyewe. Isitoshe, kijiji cha Flanders hakikumhitaji Alba ili kijue askari ni nini. Mamluki wa Kijerumani wenye mavazi ya milia walikuwa wamepita humo mara nyingi katika vita vya Habsburg na Ufaransa. Ila haiwezekani kukwepa jambo moja: kwenye joho la mpiga mbiu, yule anayesihiwa na wanakijiji, Bruegel aliweka tai mwenye vichwa viwili, nembo ya Kaizari wa Habsburg. Amri ya Herode inaletwa na mtu aliyevaa nembo ya serikali.

Van Mander anasema tena kwamba alipokuwa akiumwa Bruegel alimwamuru mkewe achome michoro fulani yenye maneno makali ya dhihaka, ama kwa kujuta ama kwa kuogopa isije ikamletea mjane matata. Mayken alibaki na watoto wadogo. Ubao wa mauaji haukuchomwa.

Na ubao huu ulikuwa kazi ya mikono mingi kabla ya kuwa wa Bruegel. Mwaloni ulipakwa tabaka la chokaa na gundi, ukasuguliwa hadi ukawa laini. Mchoro ulitangulia juu ya weupe huo. Kisha zikafuata rangi zilizosagwa na mafuta ya mbegu za kitani, na Bruegel alizipaka kwa uchache mno. Theluji yake mara nyingi ni utando tu, na weupe wa chini unafanya kazi nusu. Jambo hili la kiufundi litakuja kuwa na maana kubwa, kwa hiyo msomaji aliweke akilini.

Hatujui jina la mteja wa kwanza, lakini kabla ya miaka 50 kupita picha ilikuwa Prague, mikononi mwa Kaizari Rudolf wa Pili.

Rudolf anastahili kutazamwa kidogo. Alizaliwa Vienna mwaka 1552. Mama yake alikuwa dada wa Philip wa Pili, na akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa Hispania kulelewa katika jumba la mjomba wake, akakaa huko tangu 1563 hadi 1571. Maana yake ni kwamba wakati Bruegel anachora kijiji hiki, wakati Alba anaagwa na kutumwa kaskazini, kijana Rudolf alikuwa akila kwenye nyumba ileile zilikotoka amri. Alikuja kuwa Kaizari mwaka 1576, akahamishia makao yake Prague mwaka 1583, na hapo akakusanya vitu kwa uroho ambao Ulaya ilikuwa haijauona: saa, mawe ya thamani, wanyama waliokaushwa, vitabu, wanajimu, na picha kwa mamia. Wanajimu Tycho Brahe na Johannes Kepler walifanya kazi chini yake. Alimpenda mchoraji Dürer na alimpenda Bruegel, marehemu wote wawili. Nduguye Ernst, aliyekuwa gavana wa Habsburg mjini Brussels kwa muda mfupi hadi kifo chake mwaka 1595, naye alikusanya kazi za Bruegel, na baadhi zilimfikia Rudolf.

Van Mander alipochapisha kitabu chake mwaka 1604 aliitaja picha ya Bruegel ya mauaji ya watoto, akaeleza familia nzima inavyomwombea mtoto mmoja wa mkulima aliyeshikwa na askari, na uchungu wa akina mama. Orodha ya mali za Prague ya mwaka 1621 ina picha ya Bruegel Mzee pia, lakini inaitwa uporaji wa kijiji. Katikati ya maandishi hayo mawili watoto walitoweka.

Aliyetoa amri alikuwa na sababu za kutosha. Tai wa vichwa viwili alikuwa nembo yake mwenyewe. Kaizari hawezi kuning'iniza ukutani picha ambayo wajumbe wake wanasimamia uchinjaji wa watoto wachanga huku wamevaa sare yake. Mgeni akiingia na kuuliza, atajibiwa nini? Angeweza kuichoma. Angeweza kuiuza au kuipa mgongo kwenye stoo. Lakini ilikuwa kazi ya Bruegel, na mkusanyaji hachomi Bruegel. Akachagua kuirekebisha. Fundi akafuta tai kwenye joho la mpiga mbiu. Kisha akaanza na watoto.

Alikuwa fundi mzuri, na hili nalisema bila kejeli. Alimtazama kila mtoto akatafuta kitu chenye ukubwa uleule kitakachokaa mahali palepale, mkono wa askari usibadilike na mkuki usisogee. Mtoto aliyeshikwa akining'inia akapewa shingo ndefu na mabawa. Maiti zilizolala sambamba zikageuzwa vyakula vilivyopangwa. Aliyelala mapajani akafungwa kama furushi. Rundo la watoto katikati ya mtaa, ambalo askari wanalichoma kwa mikuki na wanawake wanajaribu kulizuia, likawa mifugo. Ni kazi ya hesabu na subira. Wakati fulani mtu aliongeza hata ndimi za moto juu ya nyumba, ili kijiji kionekane kinaungua kama vijiji vinavyoporwa viunguavyo. Moto huo uliondolewa na wahifadhi katika karne ya 20.

Hakugusa nyuso. Hapo ndipo kazi ilipomshinda, na sidhani angeweza kufanya vinginevyo. Ili uongo ukamilike ilimlazimu kuwachora upya watu wote mtaani, mama kwa mama na baba kwa baba, awape huzuni ya mtu aliyeibiwa mfugo badala ya huzuni ya aliyefiwa. Angekuwa amechora picha nyingine. Aliondoa maiti akaacha matanga. Kwa hiyo tangu siku ile picha imekuwa na kasoro ambayo mtoto wa shule anaweza kuiona: watu wanahuzunika kupita kiasi. Na mimi naona kwamba kwa njia hiyo ya ajabu fundi wa Prague aliipa picha ukali ambao haikuwa nao. Mauaji ya Bethlehemu yalikuwa yamechorwa mamia ya mara. Mtazamaji wa Kikristo alikuwa amekwisha yazoea, aliyaona, akapiga ishara ya msalaba, akapita. Mama anayelilia furushi humfanya mtu asimame.

Kuna lingine. Mfichaji aliamini kwamba uporaji ni jambo jepesi la kuning'inizwa sebuleni. Mfugo uliochukuliwa na akiba ya nyama iliyotolewa darini katikati ya baridi, kwa familia ya mkulima, ilikuwa ni hukumu ya njaa kabla ya kuchipua kwa nyasi, na waliokufa mwanzo ni wadogo. Kaizari hakulijua hilo, au hakulihesabu. Bruegel angelijua.

Rudolf alifariki Januari 1612 baada ya kunyang'anywa karibu mamlaka yake yote na ndugu yake Matthias. Miaka sita baadaye, Mei 1618, mabwana wa Kiprotestanti wa Bohemia waliwatupa maofisa wa Kaizari nje ya dirisha la ngome ya Prague, ngome ileile ilikokuwa picha, vikaanza vita vilivyodumu miaka 30. Katika vita hivyo vijiji vya Ujerumani na Bohemia viliona kila kitu kilichokuwa kwenye ule ubao, kabla na baada ya kufunikwa. Majeshi hayakulipwa mishahara kwa wakati. Yaliishi kwa kuwanyonya wakulima wa eneo lolote yaliyopita. Maeneo mengine yalipoteza nusu ya watu wake kwa upanga, njaa na tauni.

Vita vilipokaribia mwisho, wajumbe wakiwa tayari mezani Westphalia, jeshi la Uswidi chini ya jemadari Königsmarck liliingia Prague kwa hila, usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai 1648, likateka upande wa mto iliko ngome. Mji wa kale ng'ambo ya daraja haukuanguka. Haidhuru, walichokitaka kilikuwa ngomeni. Malkia Christina alikuwa ameagiza waziwazi kwamba maktaba na vitu adimu viletwe kwake, na waporaji walifunga makasha kwa haraka kwa sababu amani ilikuwa inakuja, na ikishatiwa saini hakuna tena kuchukua. Ilitiwa saini Oktoba. Mamia ya picha za Rudolf zilisafirishwa kwa mto na bahari hadi Stockholm, pamoja na Kitabu Kikubwa kile ambacho watu hukiita Biblia ya Shetani kwa ajili ya picha ya shetani iliyomo, ambacho kiko Stockholm mpaka leo. Picha ya uporaji wa kijiji nayo iliporwa. Sitaongeza neno hapo.

Christina hakuwa na moyo na picha za kaskazini. Alichopenda ni Waitalia. Adamu na Hawa wa Dürer, mbao mbili ambazo leo watu husafiri hadi Madrid kuziona, aliwatoa zawadi kwa mfalme wa Hispania. Juni 1654 alijivua ufalme, akaondoka Uswidi amevaa mavazi ya kiume, akapita Antwerp na Brussels, akaingia Ukatoliki, akaenda kuishi Roma. Vitu vingi alivyobeba vilitawanyika njiani, vingine viliwekwa rehani, vingine viliuzwa. Hivyo Bruegel alirudi karibu na nyumbani kwake, kama bidhaa.

Mnunuzi alikuwa William Frizell, mfanyabiashara wa picha. Naye alipata mteja aliyekuwa na haraka. Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa uhamishoni. Baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649 na picha za baba yake, mojawapo ya makusanyo bora ya Ulaya, Bunge liliziuza. Masika ya 1660 mambo yaligeuka ghafla, London ikamwita arudi. Akiwa bado Breda, huku deni likiwa shingoni, mfalme mtarajiwa alinunua kwa Frizell picha 72 ili asirudi kwenye kuta tupu. Mojawapo ilikuwa hii. Ndivyo mtaa wa Brabant ulivyofika Uingereza, na haukuondoka tena kwenye mali ya wafalme wa huko.

Kwa miaka mingi haukupewa heshima kubwa. Walioutazama waliona picha iliyorekebishwa, yenye vanishi iliyogeuka njano, na sifa ya kuwa picha ya asili ilikwenda kwa nyingine iliyoko Vienna, ambayo haina bukini wala jibini. Watoto wako wazi. Watu walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, maana mwana wa Bruegel, aliyeitwa Pieter kama baba, aliifanya biashara ya kunakili kazi za baba kuwa riziki ya maisha yake. Alizaliwa mwaka 1564 au 1565, baba akafa yeye akiwa bado anashikwa mkono. Hakufundishwa na baba brashi hata moja. Inasimuliwa kwamba bibi yake mzaa mama, Mayken Verhulst, aliyekuwa mchoraji mwenyewe, ndiye aliyewafundisha wajukuu. Alirithi kitu kingine: michoro ya kazi za baba. Karakana yake mjini Antwerp ilihamisha michoro hiyo kwenye mbao mpya kwa kutoboa vitundu kwenye karatasi na kupiga unga wa makaa juu yake, hivyo vitone vikabaki kwenye weupe wa ubao, na kutoka hapo akachora. Christina Currie na Dominique Allart, watafiti wa Ubelgiji waliochapisha utafiti mrefu kuhusu karakana hiyo mwaka 2012, walizikuta alama hizo chini ya rangi, nakala baada ya nakala.

Kwa mtu anayetaka kujua nini kilikuwa chini ya bukini, biashara ya mwana ni hazina. Alinakili mauaji ya watoto mara nyingi, na nakala hizo ziko Vienna, ziko Sibiu nchini Romania kwenye jumba la makumbusho la Brukenthal, ziko kwa watu binafsi. Humo unamkuta mtoto aliyeshikwa, unazikuta maiti kwenye theluji, unamkuta binti anayetolewa kwa ajili ya mdogo wake wa kiume. Kaizari alimiliki ubao mmoja. Mwana alikwisha uza kijiji hicho kwa nusu ya wanunuzi wa Antwerp.

Tofauti kati ya baba na mwana ilikuja kuonekana wazi picha ya Uingereza iliposafishwa na kuchunguzwa. Ilikutwa na saini ya Bruegel, na chini ya rangi mchoro wenye mkono unaotafuta, unaobadili mawazo, na ule upakaji mwembamba usioigika. Mwana hupaka kila kitu kwa ukamilifu. Anajua mwisho wa kila mstari kabla hajauanza. Leo wataalamu wanakubali kwamba ubao wa Uingereza ndio wa asili na wa Vienna ni nakala.

Na mafuta nayo yalikuwa yakifanya kazi yake taratibu. Rangi ya mafuta kadiri inavyozeeka huzidi kupitisha mwanga. Kilichofichwa chini hupanda. Bukini wa Prague wamekonda. Ukisogea karibu na ubao, au ukitazama picha kubwa iliyopigwa vizuri, unaona mkono mdogo usioelezeka kwenye ubavu wa furushi, na mviringo wa kichwa ndani ya kile kinachopaswa kuwa chakula. Miale ya infraredi inaonyesha zaidi.

Wahifadhi wangeweza kuwarudisha watoto wote. Vifaa vipo na ujuzi upo. Hawakufanya hivyo, waliondoa moto wa bandia na uchafu, wakaacha bukini, jibini na furushi. Hoja zao naziona nzito. Ukikwangua rangi ya karne ya 17 juu ya rangi nyembamba kama ya Bruegel, unaweza kuondoka na zote mbili. Halafu yale mabaka yenyewe yamekuwa ushahidi: yameeleza Kaizari aliogopa nini kuliko barua yoyote aliyoandika. Kuna wanaopinga, wanasema kazi ya mchoraji irudi kwa mchoraji, na nawaelewa, ila picha ya Bruegel bila mabaka tunayo kwa namna fulani kwenye nakala za mwanawe, na ushahidi wa Prague hauna nakala.

Nakala ya Vienna inaning'inia kwenye jumba la makumbusho lililojengwa na ukoo wa Habsburg wenyewe kwa ajili ya picha zao, lililofunguliwa mwaka 1891 na Kaizari Franz Joseph, katika jengo moja na wawindaji wa theluji. Watoto wote wamo.